Kabla Hujanunua Gari, Uliza Lilikuwa Wapi Mvua Ilipokuja

Wasee, leo tunaongea historia. Najua wengine wenu mkisikia hilo neno mnakumbuka mwalimu akisoma tarehe ubaoni huku nusu ya darasa imelala. Nivumilieni. Hii historia ilikula pesa za sacco za mathe, na zile tarehe tunazozidharau ndizo zingetuokoa.

Agosti 2024 bro wangu mkubwa alinunua gari. Kagari kadogo ka Kijapani, rangi ya fedha, safi mpaka unaogopa kuingia na viatu. Mpango ulikuwa kubeba abiria wa zile programu za teksi. Kwenye yadi, gari kama hilo lilikuwa linaenda kwa 780,000 hivi. Broka alimpa kwa 620,000, kwa sababu ati "mwenyewe anaenda majuu, anataka kuuza haraka." Sehemu kubwa ya hiyo pesa ilitoka sacco. Mathe na anti yetu ndio walikuwa wadhamini, kumaanisha bro akishindwa kulipa, akiba zao ndizo zingekatwa.

Siku ya kwanza mathe alipanda, akafunga mlango, akauliza, "Mbona gari hii inanukia kama duka la marashi?" Ilikuwa na manukato matatu: moja limening'inia kwenye kioo, lingine liko kwenye dashibodi, na la tatu limefichwa chini ya kiti. Tulicheka. Tukamwambia hajazoea magari ya watu wasafi.

Wiki ya sita madirisha yakaanza kushuka yenyewe. Kisha taa ya mifuko ya hewa ikawaka kwenye dashibodi na kukataa kuzima. Halafu usiku mmoja, abiria akiwa ndani, gari likazima katikati ya Thika Road karibu na Roysambu, taa zote zikaenda. Mungu ni mkubwa, lori lililokuwa nyuma lilishika breki mapema.

Tulilivuta hadi Grogan. Fundi hakufungua boneti kwanza. Alishika mshipi wa dereva akauvuta, akauvuta, mpaka ukaisha. Ile sehemu ya mwisho, ambayo hakuna mtu huwahi kuitoa, ilikuwa ya kahawia, na ilikuwa na mstari wa tope kama ule unaobaki kwenye beseni ukifua nguo za shamba. Akainua zulia. Chini kulikuwa na matope makavu, laini kama unga, na majani mawili ya nyasi. Akatuangalia. "Hii gari iliogelea."

Bro akampigia broka. Mteja hapatikani kwa sasa.

Jioni hiyo nilifungua bahasha ya karatasi ambazo bro alipewa siku ya kununua. Ndani kulikuwa na nakala za makubaliano mawili ya mauzo. Mwenye gari wa kwanza, aliyekuwa nalo kwa miaka mitano, aliliuza Mei 2024. Aliishi Athi River. Aliyenunua akaliuza tena Juni. Agosti likafika kwetu. Gari lililotulia na mtu mmoja miaka mitano, ghafla linapita mikono mitatu ndani ya miezi mitatu, na mauzo ya kwanza ni wiki chache tu baada ya mafuriko, mahali ambapo maji yaliingia hadi kwenye nyumba za watu. Hizo karatasi hazikuwa zimedanganya. Tarehe zilikuwa pale, wazi. Sisi ndio hatukusoma.

Kwa hivyo nikaanza kusoma.

Mji wa maji baridi

Jina la Nairobi lenyewe linatoka kwa maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Reli ilipofika hapa 1899, palikuwa uwanda wenye kinamasi, pahali pazuri pa kupumzisha vibarua na injini kabla ya kupanda milima. Tauni ilizuka 1902, na baada ya hapo kulikuwa na madaktari wa serikali ya kikoloni waliotaka mji wote uhamishwe, kwa sababu ya maji yaliyotuama na uchafu. Haukuhamishwa. Ukasimama, ukanenepa, ukajaza lami mahali maji yalikuwa yanakaa.

Lakini maji hayasahau njia yake. Mwaka 1961 nchi ilifurika vibaya, na kwa kuwa uhuru ulikuwa unabisha hodi, wazee waliyaita mafuriko ya Uhuru. Mwishoni mwa 1997 hadi mapema 1998 ikaja El Niño, mpaka leo, mvua ikizidi kidogo tu, lazima mtu mzima aseme "hii si kitu, ungeona El Niño." Kisha Machi hadi Mei 2024. Karibu watu 300 walikufa nchini. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, maji yalishuka Mai Mahiu na kubeba watu waliokuwa wamelala. Hapa mjini na viungani, Mathare, Kitengela na Athi River zilizama.

Tukizika watu, hatuhesabu magari, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Lakini magari yalikuwepo. Yalikuwa kwenye maegesho ya chini ya maghorofa, kwenye ua wa nyumba za kupanga, pembeni mwa barabara. Na hapa kuna tofauti kubwa kati ya 1997 na 2024. Magari mengi ya 1997 yalikuwa na umeme kidogo. Likizama, fundi aliyajua: mwaga oili, kausha plagi, safisha kabureta, endelea. Gari la leo lina kompyuta. Si moja, kuna ya injini, ya giaboksi, ya breki, ya mifuko ya hewa, na nyingi ya hizo zina waya zinazopita sakafuni, chini ya zulia unalokanyaga. Maji ya magotini yanatosha kuzifikia.

Na haziharibiki siku hiyo hiyo. Gari linakaushwa, linawaka, linaendeshwa, kila mtu anafurahi. Huku ndani ya soketi, shaba inaanza kushika kutu ya kijani polepole. Wiki sita, miezi sita, ndipo dirisha linashuka lenyewe. Kufikia hapo aliyekuuzia ameshabadilisha laini ya simu.

Gari lako liliishi kabla ya kukujua

Wazazi wetu wanakumbuka wakati gari lilikuwa la mbunge, padri na mkurugenzi. Miaka ya 1970 Kenya ilianzisha viwanda vya kuunganisha magari Nairobi, Thika na Mombasa, na serikali ikavilinda kwa kubana uagizaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchumi ukafunguliwa, vibali vya kuagiza vikalegezwa, na magari ya mitumba yakaanza kumwagika bandarini Mombasa.

Mengi yalitoka Japani, na sababu ni rahisi. Kwanza, Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hivyo usukani uko kulia. Pili, Japani ina ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na gharama yake si ya mchezo. Mtu anaona badala ya kulipia gari la miaka saba, bora auze anunue jipya. Hilo la miaka saba ndilo tunaita "jipya, limetoka Japan juzi."

Serikali yetu iliweka kikomo: gari lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka. Pia linatakiwa likaguliwe kabla ya kusafirishwa, kulingana na viwango vya KEBS. Ni sheria nzuri. Lakini fikiria swali ambalo sheria ya miaka minane inajibu. Inakuambia gari limezaliwa lini. Haikuambii limepitia nini. Na ukaguzi unaofanywa kabla ya meli kung'oa nanga hauwezi kujua kwamba miaka mitano baadaye hilo gari litalala chini ya maji Athi River.

Sisi wanunuzi huuliza mileji, tunauliza mwaka, tunauliza linakula mafuta kiasi gani. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: mvua kubwa ilipokuja, gari hili lilikuwa wapi?

Waliojua waliponda yao

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipiga pwani ya kaskazini mashariki mwa Japani, na baada yake likaja wimbi la tsunami. Zaidi ya watu 18,000 walikufa au hawakupatikana kamwe. Kama ulikuwa na televisheni, uliona zile picha: maji meusi yanaingia uwanda wa Sendai yakisukuma nyumba, meli na magari kama vifuniko vya soda. Hayo yalikuwa maji ya bahari, na chumvi ndiyo adui mbaya kuliko wote. Chumvi hupitisha umeme na huharakisha kutu. Gari lililozama mtoni lina nafasi ndogo ya kupona. Lililozama baharini ni maiti inayotembea.

Baada ya kinu cha nyuklia cha Fukushima kulipuka, hofu kubwa huku kwetu ilikuwa mnururisho, na ukaguzi wa magari ya kutoka Japani ukaanza kuangalia hilo pia. Ilikuwa haki kuogopa. Lakini mnururisho una kipimo chake. Gari la mafuriko linategemea jicho la mtu na ukweli wa muuzaji.

Mwaka huo huo wa 2011, Thailand nayo ikafurika kwa miezi. Kiwanda cha Honda kilichoko Ayutthaya kikazama, pamoja na magari mapya kabisa yaliyokuwa yanasubiri wateja. Magari ya kilomita sifuri. Unajua walifanya nini? Desemba 2011 walianza kuyaponda, magari 1,055, mbele ya wanahabari. Hawakuyakausha, hawakuyauza bei ya kutupa. Waliyaponda ili pasiwe na hata kipande kitakachorudi sokoni.

Songa mbele hadi Oktoba 2019. Kimbunga Hagibis kinapiga Japani, mto Chikuma unavunja ukingo karibu na Nagano, na maegesho ya treni za kasi, zile shinkansen, yanafunikwa. Treni 10, mabehewa 120. Treni za bei ambayo mimi na wewe hatuwezi hata kuitamka. Wenyewe wakazitazama, na mwishowe zote zikatupwa.

Hapa ndipo nilisimama kusoma nikaongea peke yangu. Kampuni iliyotengeneza gari, yenye wahandisi na vifaa vyote, inasema hili haliponi, ponda. Shirika la reli linasema haya mabehewa hayaponi, tupa. Halafu mtu mmoja na ndoo, sabuni na manukato matatu, anatuambia "hii iko poa, ni usafi tu ilifanyiwa." Na tunamwamini kwa sababu amepunguza laki moja na nusu.

Kusema ukweli, Japani kwenyewe hawafichi. Wana neno kabisa, kansuisha, gari lililofunikwa na maji. Kwenye minada yao kila gari lina karatasi ya ukaguzi inayoeleza hali yake, na kuzama ni jambo linaloandikwa. Shida ni kwamba hiyo karatasi iko kwa Kijapani, inapita mikono mingi, na ikifika huku mara nyingi mnunuzi wa mwisho hajui hata kama ilikuwepo.

Kufua gari, kufua karatasi

Usifikiri huu ni ujanja wa Wakenya pekee. Tarehe 29 Agosti 2005, Kimbunga Katrina kilipiga kusini mwa Marekani. Kuta za kuzuia maji zikapasuka na takriban asilimia 80 ya mji wa New Orleans ikazama. Magari mamia ya maelfu yaliharibika. Marekani wana utaratibu: bima ikishalipa gari lililozama, cheti chake cha umiliki hupigwa alama, ili kila atakayelinunua ajue.

Lakini kila jimbo lina sheria zake. Watu wakagundua kwamba ukilinunua gari lenye alama katika jimbo moja, ukalisajili katika jimbo lingine lenye sheria legevu, cheti kipya kinaweza kutoka bila ile alama. Wanaita mchezo huo kufua cheti. Yaani wanafua gari, halafu wanafua karatasi. Wamarekani walikuwa wamepitisha sheria ya kuanzisha rejista moja ya nchi nzima tangu 1992, lakini mnunuzi wa kawaida alianza kuifungua 2009. Miaka 17! Na katikati ya hiyo miaka ndipo Katrina ilitokea. Mwaka 2017 Kimbunga Harvey kikazamisha Houston, na makadirio ya magari yaliyoharibika yakafika nusu milioni. Mchezo ukaanza tena.

Magari ya Marekani yana usukani kushoto, kwa hivyo si hayo tunauziwa hapa. Lakini somo linatuhusu. Gari lililozama huenda mahali ambapo hakuna anayekumbuka mafuriko, kwa mtu ambaye hawezi kuuliza. Lile la Athi River linauzwa Eldoret. Lile la Kitengela linauzwa Nyeri. Mji ambao haukufurika hauna sababu ya kushuku.

Kuna njia nyingine inayotugusa moja kwa moja. Dubai kuna soko kubwa la magari ya mitumba yenye usukani wa kulia, yanayotoka Japani na kuelekezwa Afrika. Tarehe 16 Aprili 2024, wakati sisi tuko katikati ya mvua yetu, Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko yoyote tangu waanze kuweka rekodi mwaka 1949. Barabara za jangwani zikawa mito na magari yakaelea. Sisemi kila gari la Dubai lilizama. Nasema ukiambiwa gari lilikaa Dubai, uliza lilikaa mwezi gani.

Na tusiwe wepesi wa kuwaita wauzaji wote wezi. Mwangalie yule mtu wa Athi River. Pengine alikuwa na bima ya mtu wa tatu pekee, ambayo hailipi uharibifu wa gari lako mwenyewe. Nyumba imelowa, godoro limeenda, watoto wako kwa jirani, na akiba yake yote imepaki nje na tope kwenye dashibodi. Anakuja mtu anamwambia, "Nakupa laki mbili leo." Utakataa? Bila bima na bila rejista ya magari yaliyozama, hasara ya mafuriko haiishi. Inahamishwa tu, kutoka kwa mtu mwenye habari hadi kwa mtu asiye na habari.

Tumia kalenda, halafu tumia pua

Sasa tuingie kwenye yale bro angefanya. Hakuna hata moja linalohitaji digrii.

Kwanza kalenda. Kabla ya kuangalia gari, andika kwenye simu: Julai 2018, mafuriko ya magharibi mwa Japani. Oktoba 2019, Hagibis. Julai 2020, Kumamoto, kusini mwa Japani. Aprili 2024, Dubai. Machi hadi Mei 2024, kwetu. Ongeza yatakayokuja, maana yatakuja. Halafu omba karatasi zote: lilisajiliwa lini huko, lilisafirishwa lini, liliingia Kenya lini, limeuzwa lini na lini. Gari likiacha mwenyewe miezi michache baada ya maji makubwa, si ushahidi, lakini ni sababu ya kuuliza swali la pili. Kama limetoka Japani karibuni, itisha karatasi ya mnada na uhakikishe nambari ya chesisi inafanana. Tafuta rekodi zake NTSA na umwone mwenyewe aliyeandikwa hapo, si broka tu.

Pili pua. Funga madirisha yote, kaa ndani dakika tano juani, kisha washa kiyoyozi. Manukato hayawezi kuficha ukungu ukipulizwa usoni. Na gari lenye manukato matatu, jamani, msikilize mathe.

Tatu mikono. Vuta kila mshipi hadi mwisho, na wa nyuma pia. Inua zulia la dereva na la buti, angalia pale tairi ya spea inakaa. Angalia reli za viti na boliti zake: kutu kwenye gari la miaka sita, ndani, mahali mvua haifiki, ilitoka wapi? Angalia kama hizo boliti zimekwaruzwa na spana, maana viti hutolewa ili zulia likaushwe. Angalia taa za mbele kama zina mvuke au mstari wa maji. Fungua kisanduku cha fyuzi, mulika na simu, tafuta tope na ile kutu ya kijani. Zulia jipya kabisa kwenye gari zee pia ni jibu.

Nne umeme. Jaribu kila kitu, si redio pekee. Madirisha yote, vioo, taa zote, waipa, kufuli. Ukiwasha swichi, taa ya mifuko ya hewa inatakiwa iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameikata. Lipa fundi wako, asiyejuana na muuzaji, aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Bro alihepa kulipa 3,000. Fanya hesabu.

Tano kalamu. Kwenye makubaliano ya mauzo, omba muuzaji aandike mstari mmoja: gari hili halijawahi kuzama wala kuharibiwa na mafuriko. Halafu nyamaza, mwangalie. Mkweli ataandika. Mwingine atakumbuka ana mteja mwingine anayesubiri. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kuna wale wataniambia si kila gari lililoguswa na maji ni takataka. Ni kweli. Maji safi yaliyofika kwenye zulia, yakatolewa siku hiyo hiyo, si sawa na maji ya bahari yaliyofunika dashibodi. Na mtu akikuambia wazi, "Hili liliingia maji, hizi hapa risiti za matengenezo, ndiyo maana bei iko chini," hilo ni soko huru, amua mwenyewe. Mimi sina shida na gari la bei ya chini lililozama. Shida yangu ni lile linalouzwa kama halijazama.

Bro na ndoo

Nimalizie na jambo ambalo bro alikubali niandike, ingawa alinyamaza kwanza kwa muda mrefu.

Desemba ile, Jumamosi moja asubuhi, nilitoka nje nikamkuta amechuchumaa kando ya lile gari. Ana ndoo, ana brashi ya viatu, anasugua mshipi wa dereva. Kwenye kiti kulikuwa na manukato mapya, bado yako kwenye karatasi. Kuna kijana wa mtaa wetu, amemaliza chuo juzi, alikuwa anakuja kuliangalia saa nane. Bro hakuniangalia. Alisema, "Mimi nilinunua bila kujua. Nitauza bila kusema. Yangu yarudi tu."

Na nitakuwa mkweli, nilinyamaza. Nilijua mkopo umebaki kiasi gani. Nilijua ni akiba ya nani iko hatarini. Nilikuwa nimesoma habari za Katrina hadi usiku wa manane, nimewatukana wale watu wa kufua vyeti, na sasa nimesimama hapo nikiangalia brashi.

Mathe ndiye alitoka na kikombe cha chai. Akaangalia ndoo, akaangalia mshipi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na huyo kijana, wadhamini wake ni akina nani?"

Bro akaacha kusugua.

Yule kijana alipofika, aliambiwa ukweli, akashukuru akaenda. Januari gari likauzwa vipande: milango, rimu, taa za nyuma, boneti. Vitu ambavyo havina kumbukumbu ya maji. Kompyuta na vile vya mifuko ya hewa bro alivivunja kwa nyundo, na fundi akamcheka, akamwambia kuna mtu angevinunua. "Najua," bro akasema. Tulipata 165,000. Mkopo bado unalipwa, kila mwezi, na anti bado ananipigia kuuliza kama bro amelipa.

Kwa hivyo ukienda kuangalia gari wikendi hii, beba tochi, beba fundi, beba kalenda. Na kama lako ndilo lililozama, na mtu anakuja kuliangalia saa nane, weka hiyo brashi chini.